Mama wa Kwenye Cheti

Tuseme ukweli mapema tusipotezeane muda. Priska Mlugu hakumzaa Ernest. Aliyemzaa ni mdogo wake Priska, anaitwa Anyesi, anaishi Zuzu, nje kidogo ya Dodoma mjini. Nkuhungu anakokaa Priska wanajua, Zuzu wanajua, na Ernest mwenyewe anajua vizuri kabisa. Kitu pekee kisichojua ni cheti cha kuzaliwa cha Ernest. Pale kwenye jina la mama kimeandikwa Priska.

Kwa miaka mingi hiyo haikuwa shida ya mtu. Nani anasoma cheti cha mwenzake? Cheti kinakaa kwenye begi chini ya kitanda, mama anakaa Zuzu analima uwele na karanga, maisha yanaenda. Shida ilianza mwaka jana, mwezi wa nane, Ernest alipopiga simu kutoka Japani.

Ernest ana miaka arobaini. Huko Japani alikuwa anaingia mwaka wa sita, yuko kwenye yadi ya kubomoa magari mabovu, anafungua injini na giaboksi zinazouzwa nje. Siku hiyo Priska alikuwa barazani kwake na cherehani, anapiga pindo la sketi ya shule. Kazi yake ndiyo hiyo tangu ujana, kushona sare. Akaiweka simu spika juu ya meza ili mikono iendelee.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Mnaendeleaje huko?"

"Salama. Mama mkubwa, nina jambo. Linahusu mshahara."

"Wamekufukuza?"

"Hapana. Wananikata."

"Wanakukata nini?"

"Kodi. Kila mwezi, kabla sijaushika. Kodi ya serikali, kodi ya mji, bima, pensheni. Mimi napewa kinachobaki."

"Kwani wewe huko si mgeni? Mgeni naye anatozwa kodi?"

"Mgeni siku mbili, mama mkubwa. Mimi miaka sita hii, jembe nilishapewa siku nyingi."

Priska akacheka. Ernest naye akacheka, halafu akaingia kwenye shida yenyewe. Pale yadi kuna Mfilipino, wanafanya naye kazi moja, mshahara mmoja, lakini yule anakatwa kidogo. Ernest alimbana siku moja amweleze siri. Kumbe yule anawatunza wazazi wake kwao, na serikali ya kule ina habari. Ukiwa na mzazi nyumbani anayekutegemea, wanakupunguzia kodi. Ila wanataka vitu viwili. Karatasi ya kuonyesha kwamba huyo ni mzazi wako kweli, na risiti za hela unazomtumia, zenye jina lake yeye, siyo la mjomba wala la jirani. Ukiwa navyo, unaweza kudai hata ulizokatwa zamani, mpaka miaka mitano nyuma.

"Si jambo zuri hilo?" Priska akasema. "Risiti si unazo?"

"Ninazo zote. Za Anyesi."

"Eeh."

"Kwenye risiti mama ni Anyesi. Kwenye cheti mama ni wewe."

Cherehani ikasimama.

Ernest akaendelea haraka haraka, kama mtu aliyejipanga cha kusema. Alishapiga hesabu. Hela ya miaka mitano ikirudi, inatosha kuimalizia nyumba ya mama Zuzu, ile iliyoishia kwenye lenta bila bati, atoke kwenye tembe linalovuja. Kinachotakiwa ni Priska aende kwa wakili, aape kwamba mama mzazi ni Anyesi, kwamba jina lilikosewa. Kiapo kipelekwe ofisi ya vizazi na vifo, cheti kirekebishwe, atumiwe. Kampuni inapokea makaratasi mpaka mwisho wa Novemba.

"Jina lilikosewa," Priska akarudia.

"Ndivyo tutakavyosema."

"Haya mwanangu. Nitaenda."

Sasa hapo ndipo pa kusimama kidogo, kwa sababu jina halikukosewa.

Mara ya kwanza tunaweza kumsamehe. Ilikuwa mwaka wa njaa, Ernest ana miaka saba, baba yake ameshafariki. Anyesi alimleta Nkuhungu na debe la karanga kichwani, akamwacha kwa dada yake asome. Mwalimu aliyekuwa anaandikisha aliuliza mzazi nani, Priska akasema mimi, mwalimu akaandika. Hakuna ajabu. Wengi tu wamesoma kwa majina ya wajomba na mashangazi. Anayekupeleka shule ndiye anayeandikwa, na hakuna anayekuja kukagua.

Mara ya pili ndiyo ngumu. Ernest alikuwa ameshakuwa mtu mzima, anatafuta pasipoti, hana cheti cha kuzaliwa. Priska ndiye aliyezunguka kwenye ofisi kumtafutia. Karani akamuuliza: jina la mama mzazi? Akalisema kabisa hilo neno, mzazi. Cheti cha shule alichoshika Priska hakikuwa na jina la mama mahali popote. Hakuna karatasi iliyomlazimisha. Ulimi ulikuwa wake na jibu lilikuwa lake.

"Priska," akasema.

Karani akaandika. Priska akarudi nyumbani akitembea kama mtu aliyeokota pochi njiani, anamwona mwenyewe anatafuta, na hakumwita. Kwa Anyesi alisema ofisini wamefuata majina ya shule. Anyesi akajibu, "Sawa dada. Mambo ya ofisi unayajua wewe."

Ukitaka kumuelewa, mjue kwanza. Priska hakupata mtoto. Mumewe, Bartolomayo, alikuwa fundi wa reli, mtu mpole, hakuwahi kumsimanga hata siku moja. Lakini Bartolomayo alipofariki, msibani, mawifi walisema kwa sauti wakati wanakatakata nyama, "Huyu kala miaka ishirini ya kaka yetu, hajatuachia hata paka." Priska alikuwa amekaa pale pale kwenye mkeka. Alisikia yote.

Ernest je? Alikuwa mtoto mzuri, mtiifu, mwenye shukrani. Lakini tangu siku ya kwanza mpaka leo anamwita mama mkubwa. Alipougua surua alimlilia mama yake, na Priska akimshika, alinyamaza kwa adabu. Kwa adabu! Mtoto wa miaka nane. Hapa duniani mahali pekee palipomwita Priska mama ni kile cheti. Ndiyo hivyo.

Basi alisema ataenda. Mwezi wa tisa hakwenda. Goti. Kisha jua, na kweli Dodoma mwezi wa kumi jua halina utani. Kisha sare za watu. Jenifa, mpangaji wake, mama wa makamo, karani wa ofisi moja Mtumba, ndiye aliyekuwa anapokea jumbe za Ernest kwenye simu kubwa. Akachoka.

"Mama Priska, hivi hilo goti linauma siku za kazi tu? Jumapili kwaya ilivyoimba nilikuona mwenyewe ulivyokuwa unalirusha."

"Kumchezea Bwana hakuna goti, Jenifa."

"Na kumsaidia mtoto je? Jamaa anakatwa huko kila mwezi. Kila mwezi unaopita ni hela yake."

"Nitaenda, nimesema."

"Mimi nishapiga simu Zuzu. Alhamisi mdogo wako anakuja. Wakili nimeshaongea naye. Wewe kazi yako ni kuvaa viatu tu."

Alhamisi Anyesi akaja kwa bodaboda, mapema, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alivaa kitenge chake kipya na kandambili zilizosuguliwa zikang'aa. Mkononi kitambulisho chake cha taifa, amekifunga kwenye leso, na leso kwenye mfuko wa nailoni.

"Mbukwa dada."

"Mbukwa. Umekula?"

"Chakula baadaye. Twende tukamalize."

Anyesi hana maneno mengi. Lakini njiani siku ile aliongea. Aliongea habari ya bati, kwamba atachukua la rangi ya kijani. Aliuliza kama wakili atataka kujua siku aliyomzaa Ernest, maana siku haijui, anajua tu ilikuwa wakati wa kupura uwele na alishikwa na uchungu akiwa na ungo mkononi. Alikuwa anafanya mazoezi ya kujibu. Priska alikuwa anaitikia "mh" tu.

Wakili alikuwa kijana mstaarabu. Akawapa viti, akaichapa ile karatasi hapo hapo, akamsomea Priska taratibu kabla ya kuweka saini.

"Mimi, Priska Mlugu, mtu mzima na mwenye akili timamu, naapa kwamba si mama mzazi wa Ernest, sikumzaa, wala sijawahi kuzaa mtoto yeyote..."

"Hapo," Priska akasema.

"Wapi, mama?"

"Hapo pa mwisho. Hayo nayo ya nini?"

"Ni ya kukazia tu, mama. Kama hayakupendezi nayaondoa."

Akayaondoa. Akachapa upya, akasoma tena. Sasa imebaki "si mama mzazi wa Ernest, sikumzaa". Ndio ukweli, hakuna tusi ndani yake. Kalamu iko mezani. Anyesi amekaa pembeni, leso imefunguliwa, kitambulisho kiko tayari, anamwangalia dada yake.

Priska akaishika kalamu. Akaiweka.

"Kichwa kinanizunguka. Presha. Nitarudi kesho."

"Naweza kukusubiri, mama. Unywe maji kwanza."

"Kesho."

Wakatoka. Anyesi alikifunga kitambulisho kwenye leso, leso kwenye mfuko, akamshika dada yake mkono kushuka ngazi, kwa sababu aliamini ni presha kweli. Akamkorogea hata uji jioni ile kabla ya kurudi Zuzu. Uji ule Priska aliunywa wote. Anasema hajawahi kula kitu kigumu kumeza kama kile.

Kesho hakurudi. Keshokutwa hakurudi. Wakili alipiga mara mbili, kisha akaacha. Jenifa aliacha utani, na Jenifa akiacha utani ujue amekasirika. Anyesi alipiga kila Jumamosi kuuliza, "Presha imeshuka, dada?" na Priska alijibu bado kidogo. Alikuwa anajiambia kila jioni kwamba wiki ijayo. Usimwonee huruma sana hapa. Alikuwa na miezi mitatu na miguu miwili.

Tarehe ishirini na nne Novemba Ernest akapiga.

"Mama mkubwa, imefika wapi?"

"Presha, mwanangu..."

Kwa nyuma zilisikika spana zikigonga chuma.

"Basi," Ernest akasema. Sauti haikuwa ya ugomvi, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. "Basi mama mkubwa, usijisumbue. Cheti kinasema wewe, tukitumie kilivyo. Kuanzia mwezi huu hela nitatuma kwa jina lako, wewe utampelekea mama. Na kuna barua inatakiwa kutoka mtaani, kueleza risiti za nyuma. Nitamtumia Jenifa, aichape."

Jenifa akaichapa. Mtendaji wa mtaa, Gideoni, akaisoma na kusema haigongi muhuri mpaka wote wawili waliotajwa waje waweke saini mbele yake. Anyesi akaitwa tena kutoka Zuzu. Safari hii alivaa nguo za shamba, mvua za kwanza zilikuwa zimedondoka na watu walikuwa wanapanda.

Anyesi hajui kusoma. Gideoni akamsomea.

"Inathibitishwa kwamba Bi Priska Mlugu ni mama mzazi wa Ernest, na anamtegemea. Bi Anyesi Mlugu, aliyekuwa akipokea fedha kwa niaba yake, ni mama mdogo wa Ernest."

"Rudia," Anyesi akasema.

Gideoni akarudia.

"Ernest ndiye aliyeandika hivyo?"

"Ndiye, shangazi," Jenifa akajibu, macho chini. "Ni kwa ajili ya kodi tu. Ili wasimkate sana. Karatasi tu."

"Mama mdogo."

"Kwa mujibu wa cheti, shangazi. Mdogo wake mama ni mama mdogo."

Anyesi akageuka kwa dada yake. Priska anasema angekuwa amemtukana, angekuwa amempiga kofi, ingekuwa nafuu. Alimwangalia tu, kama mtu anayeangalia shimo kwenye mfuko wa nafaka na sasa ameelewa uwele ulikuwa unakwenda wapi.

"Presha yako imepona, dada?"

Priska akaanza kukunja ncha ya khanga yake.

"Lete huo wino," Anyesi akamwambia Gideoni. "Mtoto asikatwe."

Akaweka dole gumba. Gideoni akampa kipande cha karatasi ajifute, hakukichukua. Alitoka hivyo hivyo na wino kidoleni, akapanda bodaboda, akaenda kupanda karanga.

Kampuni ilizipokea karatasi. Tangu Januari Ernest anakatwa kidogo, kama elfu sabini za Kitanzania kila mwezi zinabaki mkononi mwake. Za miaka mitano ya nyuma walizikataa. Waliangalia risiti, wakasema jina lililoko kwenye risiti si la mzazi, barua ya mama mdogo haisaidii. Nyumba ya Zuzu iko kwenye lenta mpaka leo. Yaani dole gumba la Anyesi halikununua hata bati moja.

Hela za miezi ya mwanzo Priska alimrushia Anyesi kwa simu, hakuthubutu kwenda. Ya Februari ilipoingia kwenye simu yake, akaitoa yote, akaenda Zuzu siku hiyo hiyo. Njiani alikuwa ameamua. Safari hii kweli. Atasema na Anyesi wainuke wote mpaka kwa wakili, ataapa, hata yale maneno ya mwanzo ya kutozaa ayarudishe, ayaseme barabarani kama mawifi wanataka. Alikuta Anyesi anapalilia. Akasimama pembeni ya shamba na viatu vyake vya kanisani.

"Mdogo wangu, nisamehe. Nimekuja tukaape. Leo."

Anyesi hakuacha kupalilia.

"Tukaape nini?"

"Kwamba wewe ndiye mama yake. Nilisema uongo mimi, siyo karani. Wala haikuwa presha. Niliona nikisaini pale nimebaki bila kitu."

"Nilijua, dada. Nilijua kwa Gideoni."

"Basi twende."

Anyesi akasimama, akaegemea jembe.

"Dada, wewe ndiye unayejua mambo ya ofisi, leo unataka nikufundishe? Mtoto ameshapeleka karatasi kwa serikali ya watu, imeandikwa mama yangu ni Priska. Ina muhuri. Ina dole langu. Leo tunapeleka nyingine inasema mama yangu ni Anyesi. Watasemaje wale?"

"Tutawaeleza..."

"Watasema ni mwongo. Watamdai walichompunguzia, na faini juu, na kibali cha kukaa kule nacho kiko mikononi mwao. Wamfukuze kwa sababu ya mimi kutaka jina?"

Mwezi wa kumi ile kalamu ilikuwa na dawa. Sasa ina sumu. Kilichomzuia Anyesi kudai mtoto ni mapenzi yake Anyesi kwa mtoto yule yule, na aliyeifunga hiyo njia ni Priska, kwa kuchelewa.

"Siku akirudi kabisa," Priska akasema. "Akimaliza kazi huko. Tutarekebisha siku hiyo."

"Wewe una sabini na sita. Mimi sabini na moja. Haya, siku hiyo."

Priska akatoa hela kwenye pochi, akainyoosha kwa mikono miwili. Huko nyuma zilikuwa zinaingia moja kwa moja kwenye simu ya Anyesi, na ujumbe una jina la Ernest, na Anyesi alikuwa anampelekea jirani amsomee hata mara tatu, ingawa kiasi alishakijua. Sasa alifuta udongo viganjani, akaipokea akipiga goti kidogo, kama inavyopokelewa hela ya mtu mwingine. Hakuihesabu.

"Asante, dada," akasema. "Msalimie mwanao."

Akainama, akaendelea na mstari wake.